Uso wa Kumi na Mbili

Pamba ilitoka chafu.

Robi aliigeuza mkononi, kipande cheupe chenye doa la rangi ya chai katikati, kisha akakitazama kichwa alichokuwa anakifuta. Kilikuwa kichwa cha plastiki, kuanzia shingoni kwenda juu, cha kujifunzia kusafisha uso na kupaka vipodozi. Pale chuoni walikiita dami. Alikuwa amekifuta jana, amekifuta juzi, na kila jioni kilifungiwa kabatini. Na plastiki haitoki jasho.

"Vumbi tu," akajisemea. Akachukua pamba nyingine, akailowesha maji ya waridi, akaipitisha tena kwenye shavu la kushoto. Nayo ikatoka chafu. Ya tatu ikawa na nafuu kidogo, akaona inatosha, akaendelea na skrabu.

Hakushtuka, na hapo msomaji asimlaumu upesi. Robi binti Nyangwine alikuwa ameacha kushtuka tangu mwaka jana. Akiitwa aliitika, akiwekewa chakula alikula, akiambiwa kulala alilala, na katikati ya hayo hapakuwa na kitu. Mama yake, huko Itiryo, ndiye aliyempeleka chuo cha urembo, akidhani msichana akikaa kati ya vioo na manukato atachangamka. Miezi minne ilikuwa imepita na hajachangamka, ila mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa wote darasani.

Chuo chenyewe kilikuwa vyumba viwili ghorofani, juu ya duka la mabati na misumari, Tarime mjini, kando ya barabara ya kwenda Sirari. Mwenye chuo aliitwa Madam Huruma, mwanamke wa Singida aliyekuja Mara akimfuata mume mchimba dhahabu. Mume akasikia dhahabu iko kwingine, akaondoka; Madam akabaki na vioo vyake, na kwa maneno yake mwenyewe hakupoteza kitu. Alikuwa mkali. Akikuta mwanafunzi ana mkorogo kwenye mkoba, aliutupa dirishani bila kuangalia nani anapita chini.

Alikuwa na sheria mbili alizozirudia mpaka wanafunzi wakawa wanaziota. Ya kwanza: jaribu kwako kwanza. Kila kitu kianzie shavuni mwako ndipo kiende kwa mteja, maana huwezi kumpaka mwenzako kitu usichojua kinavyowasha. Ya pili: mteja ana jina. Kabla hujagusa uso wa mtu unamjazia kadi, jina, umri, aina ya ngozi na vitu vinavyomdhuru, kisha unamwita kwa jina lake mwanzo hadi mwisho.

Wanafunzi walikuwa kumi na mmoja. Walipangwa wawili wawili, kila mmoja akiwa mteja wa mwenzake. Robi alichelewa wiki mbili kwa sababu ya kuvuna mahindi, akakuta wote wameshapata wenzao. Basi akapewa dami, uso wa kumi na mbili.

"Na kadi nijaze, Madam?" aliuliza siku ile ya kwanza.

"Jaza. Ukishaajiriwa saluni utamwambia mteja, 'Wewe dami, geuka huku'? Mpe jina."

Mwingine angeandika jina lolote la kuchekesha. Robi aliandika: Bhoke Nyangwine. Miaka kumi na tisa. Ngozi ya kawaida. Kinachomdhuru: hakuna. Aliandika bila kufikiri, kama mtu anayemjazia ndugu yake fomu ya hospitali.

Bhoke alikuwa mdogo wake. Homa ilimshika Jumatatu, Alhamisi wakamzika. Ndiye aliyekuwa uso wa kwanza ambao Robi aliupamba maishani, kwa mafuta ya mgando na mkaa wa kusaga, nyuma ya ghala la mahindi. Bhoke hakuwa mvumilivu hata kidogo. Unywele mmoja wa nyusi ukivutwa, alipiga kelele, "Robi, polepole! Unanyonyoa kuku?" Siku ya mazishi wanawake walilia mpaka sauti zikawakauka, na Robi hakutoa hata chozi moja. Aliwasikia wakinong'ona juu yake, na hakujali. Mwanzoni kutojali huko kulimtisha, kisha nako kukaacha kumtisha.

Kwao jina la marehemu halichezewi. Hukaa likisubiri mtoto. Mtoto akizaliwa, akalia bila kunyamaza, bibi wa nyumba humtajia majina ya waliotangulia moja baada ya jingine, na lile atakalolinyamazia ndilo lake. Mwenye jina amerudi. Robi aliyajua haya tangu utotoni, na jina lake mwenyewe lilipatikana hivyo. Lakini jina la Bhoke lilikuwa halijapata mtoto, na yeye akalipa plastiki.

Tena akaongeza kosa la pili, la kimasomo. Madam alisisitiza kwamba sponji ya kwako ni ya kwako na ya mteja ni ya mteja. Robi alitumia moja. Alijipaka yeye kwanza, akampaka Bhoke, akarudi kwake, akaenda tena kwa Bhoke, miezi minne mfululizo. Dami lingemshitaki kwa nani?

Wiki moja baada ya ile pamba, wanafunzi walikuwa wanajifunza kutoa nyusi kwa uzi. Nice, msichana wa Machochwe aliyepanga chumba kimoja na Robi, hakuwa na mtu wa kufanyia mazoezi siku hiyo, maana mwenzake alikwenda kliniki. Akamketisha Robi.

"Vumilia, shoga yangu. Itauma, usinipige."

Uzi ukapita. Robi alikuwa anatazama dari.

"Unaanza lini?" akauliza.

Nice akasimama na uzi ukining'inia mdomoni. "Nimemaliza upande wote wa kushoto. Hujasikia?"

"Sijasikia."

Nice akamfinya shavu, shavu lile lile la kushoto, akakaza kucha. "Na hapa?"

"Hapa wapi?"

"Weee!" Nice akacheka, akageukia darasa. "Njooni muone Mkurya wa kweli! Nyusi zimekwisha na hata jicho hakupepesa!"

Wakaja, wakamfinya, wakampigia makofi. Kule Mara hiyo ni sifa kubwa. Mtoto hufundishwa mapema kwamba maumivu ni ya kunyamaziwa. Robi alitabasamu kwa sababu alikumbuka kwamba sifa huwa inafurahisha. Jioni, alipokuwa ananawa, alipitisha vidole kuanzia kwenye pua hadi kwenye sikio la kushoto. Vidole vilisikia shavu. Shavu halikusikia vidole.

Siku tatu baadaye aliungua. Ilikuwa mashine ya mvuke, ile ya kufungulia vinyweleo. Aliinama kujaribu kwake kwanza kama sheria inavyotaka, akasubiri asikie joto, joto halikuja, akasogea zaidi. Harufu ndiyo iliyomfanya Madam Huruma aruke kutoka mezani kwake. Shavu la Robi lilikuwa limevimba malengelenge, jekundu na bichi, na Robi mwenyewe alikuwa anauliza kuna nini.

"Kuna nini? Unaiva kama kiazi halafu unaniuliza mimi kuna nini?" Madam alimpaka dawa. Alikuwa mkali, lakini siku hiyo aliogopa, na hakuficha. "Robi, mwanangu, nakwambia ukweli. Mtihani wa vitendo ni mwisho wa mwezi. Mtu asiyesikia uso wake siwezi kumruhusu ashike nyuso za watu. Utanichomea wateja. Nenda hospitali, upone, la sivyo cheti hupati."

Alikwenda hospitali. Walimgonga magoti, wakammulika macho, wakampa vidonge vya vitamini. Ganzi ikabaki pale pale.

Jumapili iliyofuata Robi aliomba ufunguo ili afanye mazoezi peke yake. Ilikuwa saa tisa mchana. Duka la mabati lilikuwa limefungwa, barabara imetulia, na kwaya ilisikika kutoka kanisa la jirani ikirudia ubeti mmoja. Jua lilikuwa limejaa chumbani. Alifungua kabati, na kitu cha kwanza kilichomfikia kilikuwa harufu: blanketi lenye unyevu, uji uliochacha, na jasho la homa. Aliifahamu harufu hiyo. Ilikuwa ya chumba cha nyuma, kwao, kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi.

Akalitoa dami, akaliweka kwenye kiti cha mteja, akafunga taulo shingoni. Lilikuwa la moto mkononi, moto wa kitu kilichokuwa kimelala. Akaketi, akachukua kibanio cha nyusi, kwa sababu juu ya jicho la kushoto, pale ambapo nyusi zilikuwa za kuchorwa tu, ulikuwa umeota unywele mmoja mweusi, na mkono wa mtu wa kazi ukiona unywele ulioota vibaya hauwezi kuuacha, basi akaushika kwenye ncha ya kibanio, na alipoanza kuuvuta aliona ngozi inanyanyuka pamoja nao kama ngozi ya mtu inavyonyanyuka, akaona vipele vidogo vya baridi vinatambaa kutoka kwenye paji la uso kushuka shavuni hadi shingoni pale plastiki inapoishia, akaona kioo kilicho mbele ya ule mdomo uliofungwa kinaingia ukungu na kutakata, kinaingia ukungu na kutakata, na hapo hapo unywele ukang'oka.

"Robi, polepole. Unanyonyoa kuku?"

Midomo haikusogea. Sauti ilikuwa ya Bhoke, ya chini, ya mtu aliye chini ya shuka.

Robi alijua kwamba hapa mtu anatakiwa akimbie. Alisubiri miguu yake ikimbie. Miguu ilikaa, na moyo ulipiga vilevile kama ulivyopiga asubuhi wakati wa kunywa chai.

"Bhoke?" akanong'ona.

"Nasikia vizuri sasa," sauti ikasema. "Upande huu nasikia kila kitu. Nipe na wa kulia."

"Ukiuchukua, mimi nitabaki na nini?"

"Wewe unaufanyia nini? Hulii, hucheki. Hukunililia hata mimi. Nipe mimi ninayeutaka."

Robi alifikiri, akaona ni kweli. Hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote, kwamba aliona ni kweli. Akachukua sponji, akajifuta shavu la kulia taratibu, na kila alipopita palikuwa pakizimika, halafu akaipeleka kwenye shavu la kulia la dami. Akarudi kwake, akapitisha kidevuni. Sauti ilikuwa inahesabu kwa furaha, na hapa, na hapa.

Sahani ilianguka mlangoni.

Alikuwa Nice, aliyemletea ugali na dagaa baada ya ibada. Alikuwa amesimama pale muda mrefu kiasi cha kusikia sauti mbili. Hakupiga kelele. Aliingia akitembea ubavuubavu, akamshika Robi mkono, akamvuta hadi ngazini, na nyuma yao, kwenye kile kiti, kitu kilivuta kamasi kama mtoto anayetaka kulia.

"Ulikuwa unaongea na nani?" Nice aliuliza walipofika chini.

"Na mdogo wangu."

"Mdogo wako si amekufa, Robi?"

"Ndiyo," Robi alisema. "Amekufa."

Madam Huruma hakucheka alipoambiwa. Alikuwa ameishi machimboni miaka mingi na alimjua mtu aliyeitwa Protasi, aliyekuwa mchimbaji zamani, kisha akawa anaitwa kila shimo lilipoanza kuwa na mauzauza. Wakati huo alikuwa Ringwani kwa kazi nyingine, akaahidi kuja Jumamosi. Dami likarudishwa kabatini, kabati likafungwa kwa kufuli, wanafunzi wakapewa likizo ya ghafla, wakaambiwa mabomba yanatengenezwa. Robi alikaa chumbani kwa Nice. Siku ya Jumatano alijing'ata mdomo wakati wa kula, na akajua pale tu alipoona tonge limekuwa jekundu. Siku ya Alhamisi Simon, kaka yake, alipiga simu kutoka Itiryo kusema mkewe Tabitha amejifungua salama, mtoto wa kike. Robi alisema hongera. Kwenye kioo aliona uso uliosema hongera haukusogea.

Jumamosi, saa tisa na nusu, Protasi alipanda ngazi. Alivaa buti za mpira na koti la suti, akabeba mfuko wa chumvi ya mawe, ubani na jiko dogo la mkaa. Nice na Madam wakamwamkia shikamoo. Akaomba kadi ya mteja. Akaisoma.

Kwenye mstari wa aina ya ngozi, maneno ya Robi hayakuwepo tena. Paliandikwa, kwa mwandiko usio wake: ya moto.

"Nani alimpa jina?" Protasi akauliza kwa sauti ya chini.

"Mimi."

"Ni la nani?"

"La mdogo wangu, marehemu."

"Na unadhani humo kabatini yumo yeye?"

"Sauti ni yake. Anasema maneno yake."

Protasi akavuta kigoda, akakaa karibu naye. "Sikiliza, binti. Nijibu jambo moja. Tangu mmeanza kuongea, amewahi kukwambia kitu ambacho wewe ulikuwa hukijui?"

Nje mabati yalikuwa yanapakuliwa kwenye lori. Robi alilipitia kila neno, la kuku, la kutolia, la kutomlilia. Yote alikuwa nayo yeye mwenyewe kabla ya kuambiwa.

"Hapana," akasema.

"Basi si mdogo wako. Mdogo wako amelala alipolazwa. Hili ni jini. Lilikuwa linapita tu huko linakopita, halina jina, halina uso, likasikia linaitwa kila siku kwa jina la mtu na kupakwa mate na jasho la mtu. Nani angekataa? Sasa lazima ulinyang'anye jina. Mimi siwezi, sikulitoa mimi. Ulilitoa wewe."

Akawasha jiko, akatia ubani, akamwaga chumvi kuzunguka kiti, akafungua kufuli. Dami likawekwa kwenye kiti. Lilikuwa limelowa. Macho yale ya kuchorwa yalikuwa yana maji.

"Sema," Protasi akaagiza.

"Wewe si Bhoke," Robi akasema, na karatasi ya kadi ikawekwa juu ya makaa.

"Robi," sauti ikaita, ya chini, ya chini ya shuka. "Robi, dada, mbona unanifukuza? Mara ya pili hii mnanifukia."

"Usilijibu. Sema!"

"Wewe si Bhoke."

"Nani atakuita dada?" sauti ikauliza, na sasa ilikuwa inalia, kilio chenyewe cha Bhoke, na Madam Huruma alikuwa ameziba masikio, na Nice amepiga magoti karibu na mlango akimwita Yesu, na moshi wa ubani ulikuwa umejaa chumba kiasi kwamba Robi hakuona tena plastiki, aliona uso tu, uso aliouosha mwenyewe ile Alhamisi kwa kitambaa cha bluu kabla ya kuufunika, na alitaka, kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima alitaka kitu, alitaka auache pale pale ulipo hata kama ungemmaliza yeye.

"Wewe si Bhoke," akasema. "Bhoke alikufa."

Ilitoka sauti kama ya tairi linaloachia upepo, ndefu, ikapita dirishani, ikaacha pazia linapepea kuelekea nje. Ndipo shavu la Robi likawaka. Lile kovu la mvuke, mdomo ulioumwa, kila alipofinywa, vyote vilimuuma kwa pamoja, akaanguka chini akilia, na alipoanza kulia hakuishia kwenye shavu. Alimlilia Bhoke. Nice alimshika mpaka akachoka.

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na dakika tano.

Protasi alikusanya chumvi yake. Dami lilikuwa la baridi, jepesi, lina vumbi kidogo. "Limetoka," akasema, "lakini halijafa, hivi vitu havifi. Limezoea lile jina. Likisikia linaitwa, litaitika. Nyumbani kwenu wasilitumie kwa mtoto wala kwa mnyama mpaka mwaka ugeuke. Umenielewa? Wapigie leo."

"Nimeelewa."

Alishika simu jioni ile. Aliitafuta namba ya mama. Angeanzaje? Mama, jina la Bhoke nililipa kichwa cha plastiki, nikakipaka poda miezi minne. Akaona aibu, aibu ya moto moto, na kwa kuwa alikuwa hajaonja aibu kwa mwaka mzima ilimshinda nguvu. Akasema atapiga kesho. Kesho yake akasema ataeleza vizuri akifika nyumbani. Alikuwa anafanya mazoezi kwa ajili ya mtihani, uso wake ulikuwa unasikia hata upepo wa feni, na alikuwa na furaha. Ndiyo hivyo.

Alifika Itiryo Jumamosi iliyofuata, na cheti kikiwa karibu kuwa chake. Mama alimpokea uani akiwa analia na kucheka, akamvuta ndani, akamkabidhi mtoto kabla hata hajakaa.

"Mpokee mdogo wako!" mama akasema. "Amerudi, Robi. Amerudi kwetu."

Tabitha alikuwa kitandani, amechoka, anatabasamu. "Alilia siku mbili, wifi, hanyonyi, halali," akasema. "Mama akamtajia majina yote ya bibi zenu. Wapi! Akaja kutaja Bhoke, mtoto akanyamaza pale pale, kama umefunga redio. Na hajalia tena mpaka leo. Mtoto mpole huyo, utafikiri hayupo."

Robi akamwinua mtoto usawa wa uso wake. "Alinyamaza siku gani?"

"Jumamosi," mama alijibu. "Saa kumi hivi, ng'ombe walikuwa hawajarudi."

Mtoto alikuwa macho. Alikuwa anamtazama Robi, hapepesi. Robi alifungua mdomo. Aliona mama yake anajifuta machozi kwa khanga, mama aliyekaa mwaka mzima bila kutaja jina la bintiye na sasa analitaja kila anapovuta pumzi. Akamrudishia mama yake mtoto, akasema ni mzuri, akatoka nje kuchota maji.

Alifaulu mtihani, akawa wa pili kwa alama darasani. Madam Huruma alimpa kazi pale pale chuoni.

Wiki sita zilipotimia alirudi kuwasindikiza Tabitha na mama zahanati kwa ajili ya chanjo. Benchi lilikuwa limejaa wanawake na watoto. Kila mtoto aliyeingia mlango ule alipokelewa na kilio, na wanaosubiri wakaanza kulia kwa kusikia wenzao. Akaitwa Bhoke Simon. Mama akampakata, Tabitha akamfunua mapaja.

Nesi akachoma la kushoto. Mtoto hakulia. Akachoma la kulia, sindano ikaingia yote, na mtoto alikuwa ametulia, macho yameelekea kwa Robi.

Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, kisha benchi zima. "Huyo ndiye Mkurya!" wakasema. "Angalieni, hata jicho hakupepesa!" Nesi akacheka, akasema miaka yote aliyofanya kazi hiyo hajaona. Tabitha alijifunika uso kwa aibu na fahari.

"Bhoke wangu ndivyo alivyokuwa," mama akawaambia. "Jasiri hivi hivi."

Sivyo alivyokuwa. Bhoke alilalamika hata kwa unywele mmoja wa nyusi, na kati ya watu waliokuwa mle ndani ni Robi peke yake aliyekuwa anajua, na machozi yalikuwa yanamtiririka. Wanawake wakamcheka kwa upendo, eti shangazi ndiye analia badala ya mtoto.

"Shangazi, fanya kazi basi," nesi akasema, akampa kipande cha pamba. "Bonyeza hapo damu ikate."

Robi akabonyeza pale sindano ilipoingia. Paja lilikuwa laini mno, la baridi kidogo, halina kinyweleo hata kimoja, na kwa vidole vyake vilivyosomea ngozi alijua anagusa nini, kitu kile kile alichokifuta miezi minne. Pua yake ilinasa harufu ndogo ya maji ya waridi. Alihesabu mpaka ishirini kama alivyofundishwa, akainua pamba.

Ilikuwa nyeupe. Aliigeuza upande wa pili, nako kulikuwa kweupe, kama ilivyotoka kwenye pakiti.

"Imekata?" mama akauliza.

Robi akaikunja pamba, akaifumba kiganjani.

"Imekata, mama," akasema.